Bafta ya Bibi kwenye Kinanda cha Babu

Same, Jumamosi, jua limeshazama

Naetwe mwanangu,

Nimegonga mlango wako mara moja tu. Nikasikia kitanda kikilia. Sikugonga tena, maana najua ungefungua, ungeitika "abee mama", ungenitazama kwa yale macho ya jana, na mimi ningesahau yote niliyotaka kusema. Kwa hiyo nimekaa kwenye meza ya cherehani, nimesukuma mabaki ya vitambaa pembeni, naandika. Barua hii nitaichomeka kwenye begi lako katikati ya sare zako nyeupe, uikute ukishafika Mpanda.

Usitegemee maagizo. Kuchemsha maji ya kunywa, kulala kwenye chandarua, hayo wewe ndiye utakayewafundisha watu huko wodini, na ukinisikia mimi nikikufundisha utacheka. Kande za kula njiani nimekufungia, ziko kwenye hotpoti ya bluu. Mpare akisafiri bila kande watu watamuuliza kwao hasa ni wapi. Maagizo yameishia hapo.

Ninachotaka kuandika ni lile kosa la jana, ambalo mimi na wewe tunajua ni la nani. Bibi yako hajui. Kesho alfajiri unapanda basi, na mpaka sasa hivi amejifungia chumbani, hajakuwekea mkono kichwani na amesema hatoki. Ukiondoka hivyo utakuwa mtu wa kwanza wa nyumba hii kuondoka bila mkono wake na bila santuri, na itakuwa kwa sababu yangu.

Hadithi ya kinanda unaijua kwa vipande. Nitaiandika yote, kwa sababu huko uendako utataka kuisimulia na sitaki uiharibu.

Babu yako alikuwa dereva wa lori kwenye shamba la mkonge kule tambarare, upande wa Bendera. Meneja wake alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia lile gramafoni, ambalo bibi yako mpaka leo analiita kinanda. Kabati la mbao lenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, tarumbeta lake limefichwa tumboni, na mbele kuna dirisha la vijiti vya mbao lililofunikwa kitambaa kwa ndani. Kitambaa kile kina kazi mbili: kinazuia vumbi na mende, na kinaruhusu sauti itoke.

Lori lilifika mwisho wa barabara. Kutoka pale kwenda kwa babu juu milimani ilikuwa njia ya miguu, tena ile inayopanda kama ngazi. Babu akafanya jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya: akapuliza baragumu la msaragambo. Unajua likilia lile ni kazi ya kijiji kizima, hakuna kuuliza. Watu wakateremka na majembe na makarai wakidhani bwawa la ndiva limepasuka na maji ya mashamba yanapotea. Wakakuta kabati. Mzee mmoja alisema palepale kwamba atampeleka babu barazani kwa kupuliza baragumu la watu wote kwa jambo la mtu mmoja, na unavyotujua Wapare kwa kesi, hakuwa anatania.

Babu alifungua kifuniko, akazungusha hendeli, akaweka santuri palepale kando ya njia. Wakasikiliza upande wa kwanza, wakasikiliza na wa pili, kisha wakalibeba kwa zamu mpaka barazani kwake. Yule mzee wa kesi alitangulia mbele akikata matawi ili lisikwaruzwe. Kesi aliifungua hata hivyo wiki iliyofuata. Babu akatozwa mbuzi, na mlalamikaji akala paja.

Tangu hapo, kila anayeondoka nyumba ile huwekewa santuri. Anayeondoka ndiye anayezungusha hendeli, bibi ndiye anayeshusha sindano, na wakati inaimba anamwekea msafiri mkono kichwani mpaka upande uishe. Hakuna hotuba. Mimi niliiona mara yangu ya kwanza nikiwa mke mgeni, nikataka kucheka, nikajikuta nalia.

Wa mwisho kuzungusha hendeli ile alikuwa baba yako, asubuhi aliyoondoka na lori la mizigo kwenda Tunduma. Aliletwa akiwa kwenye jeneza. Bibi akafunga kifuniko, akakitandikia kitambaa cha kufuma, akaweka chombo cha maua juu yake, na ikawa ndiyo meza. Tulipohamia huku chini Same kilikuja hivyohivyo na maua yake. Ulipokwenda chuo Moshi tulijidanganya kwamba ile siyo safari, ni kwenda na kurudi. Nadhani wote watatu tulikuwa tunakiogopa.

Ndiyo maana Jumatatu bibi alipotua kikombe chake na kusema, "Fungueni kinanda, mtoto hataondoka hapa kama kuku aliyeuzwa," nilikuona ulivyogeuza uso upande wa dirisha. Na mimi niligeuza wangu.

Kitambaa cha mbele ndicho kilichotukwamisha. Panya walikuwa wamekifanya godoro. Wewe ulitaka tukichane tu tupige hivyohivyo, bibi akakataa: kinanda hakiimbi koo wazi. Basi tukafungua skrubu nne, tukaitoa ile fremu, tukalowesha gundi ya zamani kwa maji ya uvuguvugu na kuikwangua na kisu cha mkate. Zile zilikuwa siku nzuri, Naetwe. Ulikuwa umekaa sakafuni umefunga khanga yangu, unaimba, na mimi nilikuwa nakuhesabia kimoyomoyo kwamba huyu ninaye mpaka Jumapili.

Mimi fundi cherehani nikachagua kitambaa kwa macho. Kitenge cha kahawia chenye maua ya manjano, kizito, kinang'aa. Nikakibana vizuri, pembe zote zikakaa. Tulipojaribu, sauti ikatoka kama ya mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nikakasirika, nikasema kitalegea chenyewe. Ukachukua kipande cha kitenge kilekile, ukakibana mdomoni, ukapuliza, ukaweka kiganja upande wa pili. "Mama, hata pumzi haipiti. Sauti itapitaje?" Nikakubali, lakini nikakubali kwa kununa. Nikuambie kitu: mimi nikishindwa huwa nakuwa na haraka. Na ile haraka ndiyo iliyotuponza Ijumaa.

Jana ilikuwa siku ya maandalio, kazi zote ziishe kabla jua halijazama, na mimi nilikuwa na nyumba ya kudeki, chakula cha Sabato cha kupika, nguo za kupiga pasi, na kinanda kina koo wazi katikati ya sebule. Ili nideki chini ya yale masanduku ya bati nikayateremsha yote mawili. Miaka yote langu linakaa juu ya la bibi. Nilipoyarudisha, la bibi likaja juu. Sikuliangalia. Ndani ya langu kulikuwa na bafta iliyobaki nilipotia bitana magauni ya kwaya, nyepesi, ukiipuliza pumzi inapita yote. Nikakuambia, "Kwenye sanduku la juu kuna bafta, kata kiasi cha fremu na vidole vinne vya kukunjia."

Ukaniuliza, "La juu, mama?"

Nikakujibu, "Nimesema la juu! Jua linatuacha!"

Uliuliza. Hilo nimelirudia kichwani leo kanisani kutwa nzima badala ya kusikiliza mahubiri. Uliniuliza kabla ya kukata.

Ukaleta kipande, nikakinyoosha, uzi ukakaa sambamba na mbao. Nikapigilia katikati juu, katikati chini, nikawa nasogea kuelekea pembeni na ile misumari midogo ya fundi viatu, mingine nimeibana midomoni. Juu na chini vikaisha. Pande mbili zilikuwa bado zinaning'inia bibi alipotoka kuoga akaenda kufungua sanduku lake atoe gauni la Sabato.

Alikuja na bafta yote mikononi. Hakupaza sauti.

"Nani amekata sanda yangu?"

Wewe ulikuwa umeshika mkasi. Mimi nilikuwa na misumari midomoni, na Mungu anajua niliishukuru. Unafahamu bibi yako na sanda ile. Alikuwa akisema jeneza seremala atamchagulia, lakini sanda ameichagua mwenyewe, na aliinunua kwa nguvu zake kwa kuuza tangawizi, akaikunja akaiwekea majani makavu ya kufukuza wadudu. Nilijua ilikuwepo. Sikuwahi kuiona imekunjuliwa mpaka jana.

Nikatoa msumari mmoja mdomoni, nikatoa wa pili. Nilikuwa na muda wa kutosha. Na nilipomaliza kuitoa yote, nikasema, "Naetwe, ulifungua sanduku la nani?"

Hilo ndilo nililosema. Swali ambalo jibu lake ninalo mwenyewe. Ukaniangalia. Mimi nikaangalia nyundo. Halafu ukapiga magoti ukasema, "Nisamehe, bibi."

Bibi akasema, "Hata sijafa, mmeanza kunigawana." Akaingia ndani, akarudisha mlango. Jua likazama, nikaweka nyundo chini, tukafungua Sabato mimi na wewe kwa wimbo ambao kila mmoja aliuimba peke yake.

Leo asubuhi nilisimama mlangoni kwake nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Tangu niolewe, hata siku alizonikasirikia mpaka akanitupia mwiko, hakuwahi kuniacha na shikamoo mkononi. Nikajua hata mimi nimo, ila mimi nimo kama mama wa mkosaji na siyo kama mkosaji mwenyewe, na ile nafasi nikaikalia. Hakwenda kanisani. Wewe ulikaa mabenchi ya vijana, hukugeuka. Tuliporudi, upepo huu wetu wa Same ulikuwa unaingia dirishani unapeperusha zile pande mbili za kitambaa, pa, pa, pa, kutwa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa nyundo kabla Sabato haijaisha.

Unaweza kujiuliza kwa nini nilinyamaza. Mimi pia nimejiuliza, na jibu linarudi kwenye koti la baba yako.

Ulikuwa na miaka sita. Tulikuwa bado milimani, na ule ukungu wa asubuhi ulikuwa unakutia kikohozi. Koti lake zito lilikuwa linaning'inia msumarini, kila nikiingia nadhani ni yeye. Siku moja nikalishusha, nikalikata, nikakushonea kikoti. Sikuwa nimefikiri kitu kingine zaidi ya kifua chako. Nilisahau kabisa kwamba nguo za marehemu zinangoja kikao cha ukoo cha kumaliza matanga, zigawanywe mbele ya watu. Siku ya kikao zikaletwa suruali, zikaletwa viatu, baba yako mkubwa akauliza koti liko wapi. Na wewe hapo umesimama mlangoni, umelivaa.

Walikuwa wanataka kunifungulia shauri kwamba nimejigawia. Mimi sikufungua mdomo. Bibi yako ndiye aliyesema, akiwa amekaa palepale kwenye mkeka: "Mimi ndiye niliyemwambia akate." Wakamwangalia, akawaangalia. Wakaendelea na suruali.

Hakuwa ameniambia kitu. Alidanganya ukoo mzima kwa ajili yangu, yeye ambaye siku zote alikuwa akinilalamikia kwamba mkono wangu ni mwepesi kwenye mkasi. Na hakunikumbushia hata mara moja.

Sasa jumlisha wewe mwenyewe. Yeye alibeba kosa langu ambalo si lake. Mimi nimembebesha mtoto kosa langu mwenyewe, na niliyemwogopa ni yuleyule aliyenibeba. Nina aibu, Naetwe. Hakuna neno jingine la kuliweka hapo.

Nilitaka kukuandikia kitu kuhusu kazi yako. Huko wodini utakuwa na wadogo chini yako. Siku moja itatolewa dawa isiyo sahihi, au kipimo kitaandikwa kwa mgonjwa asiye wake, na daktari mkuu atasimama mlangoni aulize nani. Utakuwa unajua kwamba ni wewe uliyesema "la juu". Utaona macho ya yule binti aliyeshika mkasi yakikutafuta. Nilitaka kukuambia usinyamaze hata kwa muda wa kutoa misumari mdomoni, kwa sababu ukishanyamaza mara ya kwanza, kila saa inayopita inafanya neno liwe zito zaidi kulitamka. Jana jioni lilikuwa neno moja. Leo asubuhi lilikuwa maneno mengi. Sasa hivi limekuwa barua.

Na nilipofika hapa nimeisoma tena, nikajiona. Barua ya kuchomeka kwenye begi! Uisome ukiwa Mpanda, umeshaondoka bila mkono wa bibi, na yeye amebaki hapa akiamini mjukuu wake alimpekulia sanduku. Nitakuwa nimekuambia wewe unayejua, na nimemficha yule asiyejua. Mwanamke mzima. Naacha kuandika. Naenda kwake. Kama atanifukuza na anifukuze.

*

Nimerudi.

Nilimkuta ameketi kitandani, ile bafta iko mapajani, anaikunja anaikunjua. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaendelea kukunja. Nikakaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwepo lakini nilikiona hakinifai.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyemwambia akate."

Akaacha kukunja.

"Hayo maneno nayafahamu," akasema. "Niliyasema mimi, siku ya lile koti. Ila mimi nilikuwa nadanganya."

"Najua, mama."

"Na wewe unadanganya. Unamfunika mtoto ili nitoke nikamwekee mkono."

Naetwe, hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa fimbo yake. Sikujiandaa kutoaminiwa. Nikaanza kueleza bitana, magauni ya kwaya, kudeki, jua, maneno yakawa yanagongana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika kama mwongo. Yeye akawa anatikisa kichwa. Nikaona kesho inafika, basi linaondoka, na ukweli wangu wa kuchelewa haumsaidii mtu yeyote.

Nikamwambia, "Mama, njoo uguse masanduku."

Akashika fimbo. Tukaenda polepole mpaka kwenye kona yanapokaa. Unajua macho yake yalivyo siku hizi, taa inamsaidia kidogo tu. Akapitisha mkono kwenye kifuniko cha sanduku la juu, akalipata lile bonde lililobonyea siku lilipoanguka kwenye lori la kuhama. Akaacha mkono palepale.

"Hili ni langu."

"Ndiyo, mama."

"Langu halijawahi kukaa juu. Jana nililifungua kwa haraka ya Sabato, sikufikiri limepandishwa na nani."

"Nililiweka mimi jana nikideki. Halafu nikamwambia akate bafta kwenye sanduku la juu. Akaniuliza kama ni la juu kweli. Nikamfokea."

Akageuka. Sijui aliniona kiasi gani, lakini nilijisikia nimeonwa yote.

"Tangu jana umemwacha mtoto na mzigo wako."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikalala nimemchukia. Usiku wote. Kama ningekufa jana usiku je, Mama Naetwe?"

Nilisema tu, "Angebaki nao maisha yake yote." Na hapo nikalia, na hakunibembeleza, na alifanya vizuri.

Akanirudisha chumbani kwake, na alipoona nimetulia akasema, "Lete futi."

"Futi ya nini, mama?"

"Wewe si fundi? Nipime."

Nilitaka kukimbia. Nimepima mabibi harusi, nimepima watoto wa Kipaimara wa jirani zetu, nimepima wanene na wembamba. Sijawahi kupima mtu aliye hai kwa ajili ya sanda yake. Lakini alikuwa amesimama tayari, ameshika ukingo wa kitanda, kidevu juu. Nikazungusha futi mabegani, nikashuka mpaka kwenye nyayo, nikapima mara mbili. Akawa ananiambia nisipinde mgongo, nisome vizuri. Kisha tukatandaza ile bafta kitandani, mimi upande huu, yeye upande ule, nikapima na yenyewe.

Inamtosha. Inamtosha na kubaki.

Akashusha pumzi, akakaa. Halafu, Naetwe, akacheka. Kile kicheko chake cha puani. "Niliinunua nikiwa mnene," akasema. "Nimepungua, sijui kwa nini nilikuwa naitunza ile ya yule mnene. Kilichobaki kinanitosha."

Nikainuka nitoke. Nikiwa mlangoni akaniita. "Ile shikamoo ya asubuhi."

"Abee, mama?"

"Marahaba."

Tukaenda sebuleni. Akanishikia tochi ya simu, nikapigilia pande mbili zilizobaki, kutoka katikati kuelekea pembe. Nadhani ulisikia nyundo. Nilikuwa nikitega sikio labda utatoka uone, hukutoka, na sikulaumu. Nilitaka kukipaka kitambaa chai ya rangi kabla sijakikamilisha, kifanane na mbao, akakataa. Akasema kibaki cheupe, anataka akikipita awe anajua kilikotoka. Akainama, akaweka midomo karibu na vile vijiti vya mbao, akapuliza. Mimi nilikuwa nimeweka kiganja kwa ndani. Pumzi yake ilipita yote.

Skrubu nne zimerudi. Maua nimeyatoa, kile kitambaa cha kufuma nimekikunja. Kifuniko kiko wazi.

Aliponiona narudi mezani akauliza naandika nini. Nikasema barua yako. Akasema, "Barua ya nini, na mtu yuko nyuma ya mlango?" Nikamwambia naogopa kukugongea. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi iandike iishe uipitishe chini. Na umwambie na mimi nimemkosea, nilimhukumu bila kumuuliza. Andika hivyohivyo, usiipambe."

Nimeandika hivyohivyo.

Kwa hiyo begi lako silifungui. Karatasi hizi zitapita chini ya mlango sasa hivi, na nikishazisukuma nitakaa hapahapa korido, sakafuni, upande wa pili wa komeo. Sitagonga. Ukitaka kunifokea, fungua unifokee, ninastahili, na itanisaidia kidogo. Ukitaka kunyamaza na mimi mpaka Mpanda, nyamaza. Mimi na wewe tuna simu na tuna miaka. Lakini bibi yako hakai usiku kucha kwenye kiti kile, miguu itamvimba, na amekataa kurudi kitandani.

Amekaa mbele ya kinanda na gauni lake la Sabato ambalo leo hakulivaa. Santuri iko mapajani, ameshaifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Nimejitolea mimi nizungushe hendeli, akanipiga mkono. Anasema haizungushwi na anayebaki.

Njoo, mwanangu.

Mama yako